Kipande cha Reli

Kengele ya shule yetu ya msingi, huko wilayani Muheza, ilikuwa kipande cha reli. Kilining'inia kwenye tawi la mwembe kwa waya wa seng'enge, na kiranja wa zamu alikigonga kwa bolti nene iliyotunzwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Sauti yake ilishuka mpaka bondeni tulikokuwa tunachota maji. Ukiisikia ungali kisimani, basi umeshachelewa. Miaka saba chuma kile kilinipangia siku zangu, na sikuwahi kujiuliza kilitoka wapi.

Nyuma ya michungwa ya bibi yangu nako kulikuwa na kinjia tulichokiita relini. "Pita relini, usipite barabarani, magari mengi," bibi alikuwa akiniambia akinituma sukari. Hapakuwa na reli hapo. Palikuwa na kijia chembamba, majani pande zote mbili, na mteremko mwororo ambao mtoto mwenye ndoo kichwani aliupenda bila kujua sababu. Nilidhani Relini ni jina tu, kama watu wanavyosema Kwa Mbuyu mahali ambapo mbuyu wenyewe ulishaanguka zamani.

Mwaka jana, likizo ya mwisho wa mwaka, tulikutana nyumbani wanne tuliosoma shule ile. Tunaitana kwa kazi zetu, mazoea ya siku nyingi: Mwalimu, anayefundisha historia sekondari, Sista, muuguzi, Fundi, ambaye alipata kibarua kwenye ukarabati wa reli ya Tanga kwenda Moshi na Arusha, na mimi, ambaye naishi Dar es Salaam na hurudi nyumbani kwa misiba na sikukuu. Tulikuwa tunakula machungwa barazani, Fundi akaniuliza, "Ile kengele yetu unaikumbuka? Ile si reli ya njia kubwa. Ni nyembamba mno." Akaonyesha kwa vidole. Alikuwa amebeba reli za njia kubwa miezi mingi na bega lake lilijua tofauti.

Mwalimu akasema, "Basi itakuwa ya Sigi." Pale pale tukakubaliana kuifuata njia hiyo kwa miguu, kutoka Tengeni mpaka Sigi.

Wasomaji wengi wanaijua reli ya Tanga. Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Baada ya kulala miaka mingi bila abiria, imefufuliwa: treni ya abiria ilirudi Moshi mwishoni mwa 2019 na Arusha mwaka uliofuata. Hii ya Sigi ni mtoto wake asiyetajwa. Iliachana na njia kubwa pale Tengeni, si mbali na Muheza mjini, ikapanda kilomita zipatazo 23 kuelekea milima ya Usambara ya mashariki, ikaishia Sigi, chini ya Amani. Ilijengwa kati ya 1904 na 1910 na kampuni iliyotaka kitu kimoja: magogo. Mivule na miti mingine mikubwa ya msitu ule ilikuwa mali, na hapakuwa na njia nyingine ya kuishusha mpaka bandarini Tanga.

Njia kubwa ina upana wa mita moja kati ya reli na reli. Ya Sigi ilikuwa na sentimita 75 tu. Kwa hiyo behewa la Sigi halikuweza kuendelea hata hatua moja ndani ya njia ya Tanga. Kila gogo lililoshuka kutoka mlimani lilipaswa kuhamishwa pale Tengeni, kutoka behewa dogo kwenda behewa kubwa. Tulipofika Tengeni alfajiri kwa bodaboda, umande bado uko kwenye majani, Fundi alisimama kwenye kokoto mpya za njia kubwa akatazama huku na huku. "Hapa watu walivunjika migongo," alisema. Hakusema zaidi, na sisi tukaanza kutembea.

Sehemu ya chini siielezi sana. Mashamba yameimeza. Unapita kwenye mihogo, kwenye michungwa, kwenye ua wa nyumba ya mtu na inabidi ubishe hodi. Mara tuta linaonekana, limeinuka kidogo kuliko shamba, mara limelimwa likasawazishwa na huwezi kujua. Kisha inakuja mitiki ya Longuza, imesimama kwa mistari, majani yake makubwa makavu yakivunjika chini ya miguu kwa kelele kiasi cha kutushinda kuongea. Kipande kimoja cha njia tulipata lifti ya lori la mchanga, na sioni haya kusema hivyo kwa sababu jua lilikuwa limeshapanda na Sista alikuwa amevaa viatu vipya.

Lakini kuanzia pale ardhi inapoanza kuinuka, mambo yanabadilika.

Nilijifunza kitu ambacho ningependa kukieleza taratibu, kwa sababu tangu siku ile naiona milima kwa namna nyingine. Njia ya reli hata isipokuwa na reli unaitambua kwa mapaja. Njia ya watu hupanda inavyotaka. Mtu mwenye haraka hukata mlima moja kwa moja, anahema, anashika magoti, anafika. Njia ya ng'ombe nayo ina kona zake. Garimoshi haliwezi hayo. Fundi alitueleza: gurudumu ni chuma, reli ni chuma, na pale vinapogusana ni eneo dogo kama sarafu. Uzuri wake ni kwamba mzigo mzito unateleza kwa nguvu ndogo. Ubaya wake ni kwamba ukiinua njia kidogo tu, magurudumu yanazunguka pale pale na treni haiendi popote. Ndiyo maana vichwa vya treni hubeba mchanga, wa kumwagia reli mbele ya magurudumu yashike. Na ndiyo maana reli nyingi hazikubali kupanda zaidi ya mita mbili au tatu katika kila mita 100 za mwendo.

Kwa hiyo anayejenga reli mlimani analazimika kuusikiliza mlima. Akikuta bega la kilima, analizunguka. Akikuta korongo, anajaza tuta au anaweka daraja. Akikuta kigongo asichoweza kukizunguka, anakikata katikati. Ukitembea humo miaka 100 baadaye, msitu umekufunika, huoni mbele hatua 20, lakini miguu inakwambia: mwinuko ni ule ule, haujabadilika, bado uko juu yake. Mara mbili tulipotea, na mara zote mbili aliyegundua ni Sista. "Hapa si relini," alisema, "nimeanza kuhema." Tukarudi nyuma, tukatafuta mahali ambapo hahemi, tukaendelea.

Ndipo nilipoelewa kwa nini bibi alinituma kupitia kule. Alijua kwamba mtoto mwenye mzigo hachoki relini. Hakuhitaji kujua habari za magurudumu.

Ndani ya msitu tulikuwa na muongozaji wa hifadhi, kijana wa kule kule, mwenye panga na buti za mpira. Eneo la juu sasa ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, ya kwanza ya aina yake nchini. Yeye ndiye aliyetuonyesha jambo nililotamani kuliona tangu Mwalimu alipolitaja. Tulikuwa tunapanda ubavuni mwa mlima, kwenye kijia kilichochongwa upande mmoja, mara njia ikafika mwisho. Mbele yetu paliinuka ukuta wa udongo na mizizi. Nikadhani ni maporomoko. Muongozaji akacheka, akatugeuza, akanyoosha mkono juu ya vichwa vyetu: hatua chache juu yetu, kwenye mtelemko huo huo, kulikuwa na ngazi nyingine ya ardhi iliyosawazishwa, ikielekea tulikotoka.

Mahali pa kugeuzia gari! Mlima ulikuwa mkali mno na hapakuwa na nafasi ya kuzungusha kona. Basi treni ilipanda mpaka mwisho wa njia, ikasimama, mtu akashuka akabadili swichi, kisha ikapanda kinyumenyume kwenye ngazi ya pili, mkia ukitangulia. Njia hii iligeuza hivyo zaidi ya mara moja. Mwalimu alitaka tuigize. Tukajipanga mstari kama mabehewa, muongozaji akiwa kichwa, tukaenda mpaka ukutani, tukasimama, halafu tukapanda ngazi ya pili kwa kurudi nyuma, tukishikana mashati, watu wazima wanne na mfanyakazi wa serikali. Hondohondo wakaruka juu yetu kwa ule mvumo wao wa mbawa, kama mtu anapuliza moto kwa kipepeo kikubwa.

Na hao hondohondo wana sehemu yao katika habari hii. Pale miti ya asili ilipokatwa, Wazungu walipanda miti mingine ya haraka, mmojawapo Maesopsis, ambao kwao ni kanda ya Ziwa Viktoria na magharibi zaidi. Hondohondo wakayapenda matunda yake. Wanakula, wanaruka, wanadondosha mbegu, na mti ule umesambaa Usambara ya mashariki mpaka wataalamu wa misitu wakaanza kuuhofia. Muongozaji alituonyesha inavyosimama kwenye tuta la reli, mirefu, imenyooka. Halafu akatuonyesha mvule mmoja ulio hai, pembeni kabisa ya njia. Tuliuzunguka kwa mikono, sote watano, na mikono haikukutana. Nikajiuliza uliponea vipi, hatua kumi tu kutoka kwenye reli iliyojengwa kwa ajili yake. Sista akaweka shavu lake kwenye gome na hakuna aliyemharakisha.

Kinachomaliza reli ya mlimani ni maji. Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na kila tuta lililokatiza kijito ni bwawa linalongoja siku yake. Mahali pengi tulikuta njia imekatwa, tuta limeondoka, pamebaki korongo la matope na mabua ya iliki pembeni. Lakini tulikuta pia kalavati moja la mawe ambalo bado linapitisha maji. Fundi alishuka mtaroni mpaka magotini, akaingiza kichwa chini ya upinde, akapitisha kiganja kwenye kila jiwe. Mawe yalichongwa yakakaliana bila nafasi ya kuingiza kisu. Alipotoka macho yake yalikuwa yamebadilika. "Huyu alikuwa fundi," alisema. Kwa mtu wa kazi ile hakuna sifa iliyo juu ya hiyo.

Huyo fundi alikuwa nani? Hapo ndipo Mwalimu alipotuketisha chini. Tukakaa juu ya kalavati, tukagawana mihogo ya kuchemsha na chai ya chupa, akatueleza kuhusu neno kipande.

Sisi tukisema kipande tunawaza kipande cha mkate, kipande cha reli. Kwa babu wa babu zetu kipande kilikuwa karatasi. Wazungu wenye mashamba na kampuni walilalamika kwamba watu wa Usambara hawataki kuwafanyia kazi, na kwa nini watake, wakati walikuwa na migomba na mahindi yao? Kodi ya kibanda iliwekwa ili mtu alazimike kutafuta fedha. Na mwaka 1907, ng'ambo ya bonde, katika wilaya ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal na sisi tunaiita Lushoto, kila mwanamume alipewa kadi ya kazi, ndiyo kipande chenyewe. Katika kila miezi minne alipaswa kumfanyia kazi Mzungu siku 30, na kadi ikawekewa alama. Asiyeijaza alichukuliwa kwa nguvu kwenye kazi za serikali. Wengine walitoka mbali sana, Unyamwezi na Usukuma, wakatembea kwa miguu mpaka mashamba ya Tanga, na wengi wao hawakurudi kwao. Muheza leo ina wajukuu wao.

Mwalimu alizungumza bila kupandisha sauti. Majina ya magavana tunayapata vitabuni, alisema. Jina la mkurugenzi wa taasisi ya Wajerumani ya utafiti wa kilimo kule Amani tunalo. Hata jina la afisa wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyepeleka Ujerumani mbegu za ua dogo la zambarau linaloota kwenye mawe ya mto huu, limekuwa jina la ua lenyewe, na watu wanaliotesha vyunguni madirishani Ulaya nzima. Aliyelichonga jiwe hili hana jina. Fundi akamkatiza, "Ana kazi." Wakabishana hapo kwa muda mrefu, kama jina ni bora au kazi. Mimi nasimama na Mwalimu. Jiwe zuri halimlipi mtu aliyechukuliwa kwa nguvu, na wala halimwambii mjukuu wake atambike wapi. Lakini nilimwona Fundi, kabla hatujaondoka, akiokota majani yaliyoziba mdomo wa kalavati na kuyatupa kando mpaka maji yakakimbia vizuri.

Baada ya hapo nililipa gharama ya kutembea na kaptura. Upupu. Ulikuwa umetanda juu ya njia kama pazia, maganda yake ya kahawia yana vinyweleo laini, na mimi niliusukuma kwa mkono nikidhani ni majani tu. Mwenye kujua upupu anajua. Ndani ya dakika moja nilikuwa nalia. Sista alinikataza kujikuna na akanikataza maji, akaniweka chini, akanipaka matope mazito mikononi na shingoni, akasubiri yakauke, kisha akayabandua taratibu yakaondoka na vinyweleo. Nusu saa nzima. Wenzangu walikaa nami bila kutazama saa, ingawa jua lilikuwa linashuka na safari ilikuwa bado.

Karibu na Kisiwani, njia ilitutoa msituni ikatuingiza kwenye shamba la pilipili manga. Mzee mmoja alikuwa anafunga miche kwenye miti ya kutambalia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wanangu. Mwapita relini?"

Sote tulisimama. Alilitamka neno kama bibi yangu. Nikamuuliza kama amewahi kuiona reli yenyewe. Akatikisa kichwa. Hata baba yake, alisema, hakumsikia akisema kwamba aliliona garimoshi likitembea hapa. "Lakini relini ni relini," akasema, akaturudisha mpaka nyumbani kwake kutupa maji ya kunywa. Mbele ya mlango, juu ya mtaro wa maji ya mvua, kulikuwa na taruma la chuma, fupi, limelala kama kidaraja. Limechakaa pembeni, katikati liling'aa kwa kukanyagwa. Matundu ya kufungia reli bado yapo. Fundi akapiga magoti, akapima kwa shubiri zake kutoka tundu hadi tundu. Kisha akapima tena. Akatutazama. Sentimita 75, kidogo zaidi kwa unene wa reli. Mzee akauliza kama tunataka kulinunua. Tukasema hapana, babu, liache pale pale.

Tulifika Sigi magharibi imeshaiva. Nyumba ya mkuu wa stesheni bado imesimama, imekarabatiwa, ndiyo ofisi ya kupokelea wageni wa hifadhi. Ina baraza. Tukavua viatu, tukakaa. Mbele yetu palikuwa na uwanja tambarare wenye nyasi, sawa kabisa, katika nchi ambayo hakuna kitu kilicho sawa, na mto Sigi ukisikika chini. Barabara ya Amani ilikuwa inapanda kwa kona zake upande wa juu. Reli haikuwahi kufika huko. Hapa ndipo iliposhindwa, na wataalamu waliokwenda kwenye taasisi ya Amani, iliyoanzishwa 1902, walimalizia mlima kwa njia nyingine. Muongozaji akatuletea chai ya tangawizi na iliki. Hakuna aliyekuwa na neno. Mwalimu alilala chali barazani, akaweka kofia usoni.

Jumatatu yake, kabla ya kupanda basi la Dar, nilipita shuleni. Mwembe umekatwa tawi moja lakini upo, na kengele ipo. Mwalimu wa zamu alinijua kwa jina la baba yangu, akaniruhusu. Nilikuwa nimebeba futi ya ushonaji. Nikapima urefu wa kwenda juu, upana wa kitako, upana wa kichwa, nikaandika kwenye simu na kumtumia Fundi. Akajibu upesi: ni reli nyepesi, ya njia ndogo, ila usiseme kwa uhakika ni ya Sigi, kwa sababu mashamba ya mkonge nayo yalikuwa na vijireli vya troli vya namna hiyo. Kisha akatuma ujumbe wa pili: angalia ncha, imekatwa kwa msumeno au imevunjwa?

Nikainama kuitazama. Imekatwa kwa msumeno wa mkono, taratibu, mistari ya meno yake bado inasomeka ukiweka ukucha. Nilikuwa bado nimeishika mtoto mmoja aliposimama nyuma yangu na bolti mkononi, ananisubiri kwa adabu. Saa ilikuwa imefika. Nikasogea, akagonga.